Tenda tatu kwa macho matatu: shajara ya ukaguzi wa zabuni za ujenzi, Mombasa

Jumanne, 14 Januari 2025

Barua ya Novemba, ile ya kutukatalia tenda, bado iko juu ya meza yangu, na nimeamua haitaingia kwenye faili mpaka kazi hii ikamilike. Ilikuwa tenda ya madarasa na ofisi ya walimu, kazi ya kimo chetu kabisa. Tulikaa nayo wiki tatu. Nilipiga hesabu ya kila kitu tangu kuchimba msingi hadi rangi ya mwisho, na fundi wetu mkuu alikwenda saiti mara mbili kuangalia maji yanatoka wapi na lori litapita njia gani. Jibu lilipokuja lilikuwa la sentensi moja: kurasa hazikupigwa nambari kwa mfululizo. Hesabu zetu za fedha zilizokaguliwa zilikuwa zimetolewa nakala mbele na nyuma, na migongo ya karatasi tatu ikabaki bila nambari. Bei yetu ilisomwa siku ya kufungua sanduku, basi. Hakuna aliyeipima.

Sina ugomvi na sharti lenyewe. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, kifungu cha 74, inataka tangazo la tenda lidai kurasa zote zipigwe nambari, na maana yake inaeleweka: karatasi isichomolewe wala isichomekwe baada ya sanduku kufungwa. Kinachoniuma ni kwamba tulikosa kitu ambacho mtoto wa darasa la tatu angekiona, na tulikikosa kwa sababu tulikuwa tunakagua saa saba za usiku.

Mzee, mwenye kampuni, amenikubalia asubuhi mbili kwa wiki nitengeneze njia nyingine ya kukagua tenda zetu kabla hazijatoka ofisini. Tuko watano: Mzee, mimi mkadiriaji, dada mhasibu, fundi mkuu, na kijana aliyetoka chuo cha ufundi anayejifunza kazi. Kampuni kubwa zina idara nzima ya tenda. Sisi tuna meza moja, na kwenye meza hiyo usiku wa mwisho hufanyika kazi tatu kwa mkupuo: kutafuta karatasi zilizoombwa, kuhakiki hesabu za BQ (orodha ya vipimo vya kazi na bei zake), na kufunga kitabu cha tenda. Nimeandika kumbukumbu za tenda tatu zilizopita jinsi ninavyozikumbuka, na zote ni vivyo hivyo. Anayekagua hesabu anaitwa kutafuta cheti, anayetafuta cheti anaitwa kugonga muhuri, na akirudi hajui alikuwa amefika ukurasa gani.

Kwa hiyo mpango ni kuzitenganisha kazi hizo tatu, kila moja na siku yake na mtu wake. Ukaguzi wa kwanza ufanyike siku ile ile tunapopata nyaraka.

Jumatano, 22 Januari

Siku nzima tumesoma nyaraka za tenda moja ya kaunti kutafuta masharti ya lazima tu. Hatukugusa bei.

Nilidhani kazi ingekuwa ya saa moja, kwa kuwa masharti huwekwa kwenye jedwali la tathmini ya awali. Jedwali lilikuwa na masharti 19. Tulipomaliza kusoma kila ukurasa tulikuwa nayo 27. Manane yaliyobaki yalikuwa yametawanyika: mawili kwenye karatasi ya taarifa za tenda, moja chini kabisa ya fomu ya orodha ya mitambo kwa herufi ndogo (vitabu vya umiliki viambatishwe, na kama mtambo ni wa kukodi, mkataba wa kukodi uambatishwe), mengine kwenye maelezo ya wafanyakazi. Hilo la mitambo lingetumaliza. Sisi mchanganyiko wa zege tunao, lakini mashine ya kushindilia huwa tunakodi kwa maneno ya mdomo.

Kijana ameandika programu fupi inayopita kwenye faili na kutoa kila sentensi yenye maneno ya kulazimisha, kwa kuwa nyaraka zote ni za Kiingereza: “must”, “shall”, “attach”. Inatoa sentensi nyingi mno, zaidi ya nusu hazina kazi kwetu, lakini inataja ukurasa wa kila moja. Kuchuja orodha ni kazi ya nusu saa. Kusoma kurasa mia mbili huku ukiwa na hofu ya kuruka moja ni kazi ya siku.

Orodha yenyewe tumeipa safu tano: sharti, ukurasa linapopatikana, karatasi inayolijibu, nani anaileta, na karatasi hiyo inakwisha muda lini. Safu ya mwisho ilikuwa wazo la dada mhasibu, na nadhani ndiyo yenye thamani kuliko zote. Cheti cha ulipaji kodi cha KRA, mamlaka ya mapato, kina tarehe yake. Leseni ya NCA, mamlaka ya kitaifa ya ujenzi, ina yake. Kibali cha biashara cha kaunti kina chake, na CR12, hati ya msajili wa kampuni inayoonyesha wakurugenzi na hisa zao, haitakiwi iwe ya zamani. Kila moja hutolewa na ofisi tofauti kwa kasi tofauti. Ukijua siku ya kwanza kwamba moja itakwisha kabla ya kufungua tenda, ni safari ya asubuhi moja. Ukijua usiku wa mwisho, hiyo tenda imekwenda.

Jumatatu, 3 Februari

Leo njia mpya imetufanya tuache tenda, na imekuwa vigumu kuliko nilivyotarajia.

Ni ujenzi wa zahanati, si mbali na hapa. Baada ya saa mbili orodha ilikuwa tayari, na masharti mawili yalikuwa mekundu: walitaka kazi mbili za aina hiyo zilizokamilika ndani ya miaka mitano, na sisi tunayo moja, tena walitaka wastani wa mapato ya mwaka ambao hatujaufikia. Nikampelekea Mzee.

“Mzee, hii tukiingia tunapeleka karatasi tu.”

“Lakini iko karibu, mwanangu. Nauli hakuna, mafundi wanalala kwao.”

“Najua. Ila kifungu cha 79 kinasema tenda inayofaa ni ile inayotimiza masharti yote ya lazima. Hawana ruhusa ya kutuonea huruma.”

Akanyamaza, akaisoma orodha mwenyewe kidole kikipita mstari kwa mstari, halafu akasema tuiache. Nilimwonea uchungu. Mkandarasi mdogo hujiona anaacha riziki kila anapoacha tenda. Lakini nimehesabu: kuandaa tenda hiyo kungekula siku zangu tisa au kumi, gharama ya dhamana ya tenda, uchapishaji na safari. Siku hizo sasa ni za tenda ya mabweni, ambayo orodha yake haina wekundu wowote.

Jumanne, 11 Februari

Ukaguzi wa pili: hesabu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo sheria ya Kenya ni kali kuliko wakandarasi wengi wanavyodhani.

Wengi wetu tulifundishwa kazini kwamba kamati ikiona kosa la kujumlisha italisahihisha na kukuandikia uthibitishe. Haiko hivyo tena. Kifungu cha 82 kinasema bei iliyosomwa wakati wa kufungua tenda ni ya mwisho, haisahihishwi wala haigeuzwi na mtu yeyote. Na Kanuni za 2020, kanuni ya 74, zinahesabu kosa la bei ya kipimo (yaani bei ya mita au kilo moja), la idadi, la jumla ndogo au la jumla kuu kuwa kasoro kubwa ya kuiangusha tenda. Maana yake, mstari mmoja uliozidishwa vibaya kwenye BQ ya mistari mia nne unaweza kuiondoa kazi nzima.

Nikachukua BQ ya mabweni, ambayo nilikuwa nimeshaijaza na kuridhika nayo, nikamwambia kijana aichape, akae na kikokotoo cha mkononi na karatasi zilizochapishwa tu, asifungue kompyuta. Baada ya dakika ishirini akaniita.

“Kaka, hii haikubali.”

Ilikuwa plasta ya ndani, mita za mraba 38 kwenye chumba kimoja cha kufulia. Karatasi ilionyesha bei ya kipimo shilingi 1,463 na jumla ya 55,575. Yeye akizidisha anapata 55,594. Tofauti ya shilingi 19. Nilidhani amebonyeza vibaya, nikazidisha mwenyewe, nikapata vile vile.

Kumbe kwenye kompyuta bei yangu ilikuwa 1,462.50, kwa kuwa niliipata kwa kugawanya gharama ya simiti, mchanga na kazi. Safu ilikuwa imepangwa isionyeshe senti, kwa hiyo ikachapisha 1,463 huku ikizidisha kwa ile ya ndani. Kompyuta haikukosea. Lakini mjumbe wa kamati haoni kompyuta yangu, anaona karatasi. Tulipopita BQ yote tukakuta mistari 46 ya namna hiyo. Miaka yote nimekuwa nikipeleka BQ zenye kasoro hii bila kujua, na sijui ni tenda ngapi zilikwama hapo.

Dawa yake ni ndogo sana: kila bei ya kipimo ikadiriwe hadi tarakimu mbili za senti kwa fomula kabla ya kuzidishwa, na safu ionyeshe senti hizo. Nimeiweka kwenye lahajedwali mama na nimeifunga kwa nywila ili nisije nikaifuta nikiwa na haraka.

Mengine tuliyoyaongeza leo: jumla ya kila ukurasa ifuatwe kwa kalamu hadi ukurasa wa mkusanyo, na kutoka hapo hadi muhtasari mkuu, kwa sababu jumla ya ukurasa mzima ikisahaulika njiani hakuna fomula itakayolia. VAT ya asilimia 16 iangaliwe imeingia mara moja, si mara mbili wala sifuri. Bei kwenye fomu ya tenda, kwa tarakimu na kwa maneno, isomwe kwa sauti na mtu mmoja huku mwingine akitazama muhtasari.

Na nondo. BQ hupima nondo kwa kilo, duka huuza kwa kipande. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10.66 hivi, kwa hiyo tani moja ni vipande 94. Nimeandika vipimo vya kila unene kwenye ukurasa wa pembeni ili bei ya duka igeuzwe kuwa bei ya kilo pale pale. Zamani nilikuwa nafanya kwa kichwa, na kichwa huchoka.

Alhamisi, 20 Februari

Bei za mafundi wa umeme zimefika. Tuliomba kwa watatu, kama kawaida yetu, na kawaida yetu ni kuchukua ya chini.

Safari hii nimezitandaza zote tatu ubavu kwa ubavu. Ya kwanza ni ukurasa mmoja wenye jumla tu. Ya pili ina kurasa nne. Ya tatu ilikuja kama picha kwenye simu. Haziwezi kulinganishwa, kwa kuwa hazisemi kitu kimoja. Yule wa kwanza, mwenye bei ya chini, hakuweka kuchimba mitaro ya waya kutoka nguzo hadi jengo, wala kuchimbia mabomba ukutani, wala kuziba baada yake. Ukuta wetu ni wa mawe ya matumbawe. Kuuchimbia njia ya bomba si kazi ya dakika mbili. Yule wa pili ameweka hayo yote lakini taa zake ni za aina nyingine. Wa tatu hakutaja upimaji wa mwisho.

Basi nikatengeneza karatasi moja ya vipengele kumi na nane, nikawatumia wote: kila kipengele jibu ni kimo, hakimo, au kimo kwa bei hii. Mmoja akanipigia simu akilalamika, “Wewe unataka niandike mpaka skrubu?” Nikamwambia skrubu asiandike, lakini mitaro aandike, kwa sababu mwaka juzi mitaro ilitutoa pesa mfukoni kwenye kazi nyingine na tukagombana na fundi ambaye hakuwa na kosa. Hakuwahi kuahidi mitaro. Sisi ndio tuliodhani.

Majibu yamerudi jioni. Wa kwanza, aliyekuwa na bei ya chini, amekuwa wa pili kwa bei. Yule aliyeandika kurasa nne ndiye sasa mwenye bei ya chini. Tungechukua yule wa kwanza tungepeleka bei isiyo na mitaro ndani yake, na tukishinda tungeichimba kwa hasara. Karatasi hii sasa itatoka pamoja na maombi ya bei, siyo baada yake, na ya mabomba ya maji naiandika wiki ijayo.

Jumanne, 4 Machi

Tuko kumi la kwanza la Ramadhani, ofisi inafungwa mapema. Tenda ya mabweni inafunguliwa Alhamisi tarehe 6, saa nne asubuhi.

Dhamana ya tenda imeletwa leo mchana kutoka kampuni ya bima. Zamani ningeangalia kiasi, jina na muhuri, nikaitia kwenye faili. Leo orodha ilinitaka nijaze tarehe ya kwisha, nikahesabu.

Nyaraka zinataka tenda iishi siku 120 tangu siku ya kufungwa, na dhamana iishi siku 30 zaidi ya hapo. Jumla 150. Kuanzia tarehe 6 Machi, siku ya 150 ni tarehe 3 Agosti. Dhamana iliyoko mkononi mwangu inasema 31 Julai. Nikahesabu tena kwa kalenda ya ukutani, nikagusa mwezi mmoja mmoja. Ni siku tatu pungufu. Wao walihesabu siku 150 sawasawa, ila walianzia tarehe waliyoiandika, 3 Machi, badala ya tarehe ya kufungua.

Siku tatu. Hakuna kamati ambayo ingeweza kuzifumbia macho hata kama ingependa. Nikapiga simu hapo hapo, afisa akaelewa bila ubishi, na kesho asubuhi watatoa nyingine. Nimekaa baada ya simu ile nikifikiria: kama hii ingegunduliwa kesho usiku, tungefanya nini? Tungeipeleka hivyo hivyo na kuomba Mungu.

Nimebadilisha barua tunayowaandikia watu wa bima. Sasa haisemi siku 150. Inataja tarehe ya mwisho yenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Imeingia sandukuni saa tatu na robo.

Ukaguzi wa tatu, wa kufunga kitabu, ulifanyika jana kuanzia saa mbili asubuhi. Karatasi zilipangwa kwa mfuatano wa orodha ya masharti, ili mjumbe wa kamati akitafuta sharti la saba alikute la saba. Kijana akapiga nambari kwa mkono kwenye kila uso wa karatasi, na migongo mitupu pia. Kisha dada mhasibu, ambaye hakuwa amegusa kitabu, akahesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo. Ukihesabu kurudi nyuma akili haiwezi kukimbia mbele na kudhani. Alikamata nambari 131 iliyoandikwa mara mbili. Kurasa zote zikawa 286. Nakala ilitolewa baada ya nambari kupigwa, si kabla, kwa hiyo asilia na nakala zinasema kitu kimoja.

Sahihi za Mzee zilikuwa kwenye fomu ya tenda, maswali ya siri ya biashara, cheti cha kuthibitisha bei haikupangwa na washindani, fomu za kiapo SD1 na SD2, na fomu ya wamiliki halisi. Kila moja iliwekewa kijikaratasi cha njano, na kijikaratasi kiliondolewa na mtu mwingine aliyeiona sahihi kwa macho yake.

Saa tisa alasiri kila kitu kilikuwa kwenye bahasha. Sote tulifuturu nyumbani kwetu. Mzee alinitumia ujumbe usiku kuuliza kama kuna kitu tumesahau, nikamjibu orodha imejaa yote. Akajibu, “Alhamdulillahi.”

Jumatano, 19 Machi

Niandike na yaliyokwenda mrama, kwa sababu wengine watakaojaribu njia hii watayakuta.

Programu ya kijana haioni picha. Tenda ya barabara ya ndani tunayoiandaa sasa ilichapishwa, ikapigwa muhuri, ikapigwa picha upya ndipo ikawekwa mtandaoni. Programu ilipita kurasa zote na kutoa orodha ya masharti manne. Bahati nzuri nne ni chache mno, ikatushtua. Ingetoa kumi na tano huenda tungeamini. Tumeongeza programu ya kusoma herufi kwenye picha, lakini nayo hukosea kwenye majedwali, kwa hiyo jedwali lolote linasomwa na mtu, na programu sasa inaandika juu kabisa ni kurasa ngapi haikuweza kuzisoma.

La pili ni nyongeza, yaani taarifa za kurekebisha nyaraka za tenda baada ya kutangazwa. Walibadilisha tarehe ya kutembelea saiti kwa nyongeza iliyotoka siku nane baada ya tangazo, na orodha yetu ilikuwa bado na tarehe ya zamani. Fundi mkuu ndiye aliyesikia kwa mwenzake. Tumeweka kazi ya kila asubuhi: kijana anafungua tovuti ya tenda kabla ya kitu kingine na kuandika jina lake na saa kwenye orodha, hata kama hakuna jipya.

Jumatano, 9 Aprili

Barua ya mabweni imekuja baada ya Idi. Hatukupata.

Nimeisoma mara mbili nikiwa nimesimama. Tathmini ya awali, tumepita. Tathmini ya ufundi, tumepita. Kwa bei tumekuwa wa tatu. Mzee aliuliza kama tuna la kupeleka kwenye bodi ya rufaa, maana sheria inatupa siku 14. Nikamwambia hatuna: walitusoma hadi mwisho, na aliyeshinda alikuwa chini yetu kwa haki.

Barua ya Novemba nimeiondoa mezani na kuitia kwenye faili. Hii mpya nimeibandika ukutani, kwa kuwa kwa mara ya kwanza katika muda mrefu kuna mtu amepima bei yetu na kutuambia ni kubwa, na hilo naweza kulifanyia kazi. Bei zangu za vifaa zilikuwa za Oktoba. Kesho naanza kitabu cha bei: nondo kwanza, halafu simiti, halafu mawe kutoka machimbo ya Kilifi pamoja na lori lake, kila moja na tarehe, na jina la aliyenitajia.